Misalaba Kumi na Tisa

Mama yake alimwomba msamaha Jumatano asubuhi, na tangu saa hiyo Bisharo alikuwa anakwepa macho yake.

Sabdio hakuwa mtu wa kuomba mtu msamaha. Alikuwa mjane aliyelea watoto wanne kwa kununua na kuuza mbuzi kwenye soko la mifugo la Isiolo, akisimama katikati ya wanaume na fimbo yake mkononi. Mtu akimdanganya umri wa mbuzi, humfungua yule mnyama mdomo akamhesabu meno mbele ya watu mpaka wacheke. Macho yake ndiyo yaliyowalisha. Lakini asubuhi hiyo alikuja barazani, akaketi kwenye kigoda kando ya cherehani ya binti yake, akasema polepole:

"Intala, mimi nimezeeka."

Akimwita hivyo, intala, binti, badala ya jina lake, ujue jambo ni zito.

"Kwa nini unasema hivyo, aayo, mama yangu?"

"Macho yangu imenidanganya. Nimesingizia mtoto wa watu misalaba ambayo haiko. Unisamehe. Jana jioni nimepita kwa majirani, kwa Nafiso, kwa Falis na kwa mama Lokol, nikawaambia nilikosea, Jattani ni Muislamu safi." Akasugua magoti yake. "Na soko nitapumzika kwanza. Mtu ameona msalaba mahali hakuna, kesho atanunua kondoo akidhani ni mbuzi."

Akacheka kidogo. Bisharo naye akacheka kwa mdomo tu, huku miguu ikikanyaga cherehani isiyo na kitambaa.

Sasa ilikuwa Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, na Jattani, kijana aliyetaka kumwoa, alikuwa anakuja kuchukua ramani yake.

Pale Bulla Pesa, mtaani kwao, Jattani Huqa walimwita Jattani Karatasi. Alikuwa na kazi ofisi ya ardhi, akichora mipaka ya viwanja, na hiyo watu waliielewa. Wasichoelewa ni kile alichofanya na urithi. Babake alimwachia ng'ombe saba kule Leparua, naye akawauza wote saba akanunua karatasi moja kutoka kwa mjane wa Kizungu wa Nanyuki. Karatasi ya ramani. Na si ramani ya Isiolo, wala ya Kenya. Ilikuwa ramani ya Amerika ya kale, wakati Waingereza ndio kwanza wanajenga vijumba vyao pwani ya mahali panapoitwa Virginia, na ilichapwa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. "Ng'ombe saba wameliwa na karatasi," watu walisema, "na bado haijashiba, ina wenzake wengine nane huko chumbani."

Bisharo alimpenda kwa karatasi hizo hizo. Hakupenda ramani, Amerika ilikuwa haimhusu. Alipenda jinsi Jattani alivyozishika, kwa viganja viwili vilivyokunjuliwa, kama mtu anayebeba maji bila chombo. Msichana aliyekaa barazani miaka sita akiangalia wanaume wakipita hujifunza kuangalia mikono yao. Kuna wanaoshika kila kitu kana kwamba kitawatoroka. Huyu hakuwa hivyo.

Jumatatu alimletea ile kubwa, ya ng'ombe saba, amshonee mfuko. Alitaka kitambaa cha marekani, kile cheupe cha pamba kisichotiwa rangi, kifuliwe mara tatu kitoke wanga.

"Marekani ndani ya marekani," alisema, na Bisharo akacheka mpaka akajichoma na sindano.

Akampa masharti yake. Usiikunje. Usiiweke juani. Usiishike na mafuta mkononi. Kisha akaitandaza juu ya meza ya kukatia, akamwonyesha. Magharibi iko juu, mahali ambapo ramani zingine huweka kaskazini. Huyu mrefu mwenye upinde na ngozi begani ni mmoja wa wenyewe wa nchi. Hivi vijumba ni vijiji vyao, kila kimoja na jina lake. Halafu akagusa hewa juu ya kisanduku kidogo cha maneno pembeni.

"Soma hapo. Utacheka vile nahodha aliyeichora alikuwa mkweli."

Bisharo akainama. Herufi zilikuwa zimepindapinda kama nyuzi zilizoanguka sakafuni. Hata zingenyooka zisingemsaidia sana, kwa sababu aliacha shule darasa la sita, mwaka ambao babake alifariki. Jattani alikuwa anajua Bisharo alifika kidato cha pili. Bisharo ndiye aliyemwambia hivyo, siku ya kwanza, bila kuulizwa, na uongo usioulizwa ndio mgumu kuurudisha.

Alisubiri muda ambao mtu husoma mistari minne. Kisha akacheka.

"Umeona?" Jattani alisema, amefurahi kabisa.

"Nimeona."

Jioni hiyo Sabdio alirudi kutoka sokoni, akaikuta ramani mezani, akasimama juu yake kama anavyosimama juu ya mbuzi mgonjwa. "Msalaba moja. Mbili. Tatu. Hii hapa nyingine, kwa mto." Alihesabu yote mpaka mwisho. "Basi ile Nafiso anasema ni kweli. Huyu kijana anaabudu na watu wa kanisa. Ijumaa wazee wake wasijisumbue. Kahawa yao siwezi kunywa."

Ijumaa ndiyo wazee wa Jattani walikuwa waje na kahawa na tumbaku kumposa Bisharo. Yeye na Jattani walikuwa wameingoja siku hiyo miezi saba.

Bisharo hakubishana. Hakuwa na tabia ya kubishana. Jumanne adhuhuri, mama yake alipolala, alinawa mikono, akaikausha vizuri, akachukua wembe mpya, ule wa kufumulia mishono. Alijua kufumua uzi kwenye hariri bila kuacha alama. Misalaba ilikuwa midogo, mingine haifiki ukubwa wa punje ya mchele. Aliikwangua mmoja mmoja, akipuliza vumbi lake, akisugua kwa kipande cha mkate wa jana. Yote kumi na tisa. Alifanya kazi safi kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya, na wakati wote moyo wake ulikuwa umejaa mapenzi. Jattani hakuwa amemwambia asikwangue. Nani angefikiria kumwambia mtu hivyo?

Jioni akamwita mama yake. "Angalia tena, aayo. Msalaba iko wapi?"

Sabdio aliangalia. Akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaangalia tena, kwa muda mrefu sana.

"Wallahi niliona."

"Ilikuwa kivuli," akasema Bisharo.

Sasa, Alhamisi hiyo, pikipiki ilisikika kwanza, ikanyamaza ng'ambo ya njia, mbele ya kibanda cha Nafiso, mahali Jattani alipoiegesha siku zote. Kisha hatua zake.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam."

"Nagaa?"

"Nagaa. Karibu kiti."

Alikuwa amenyoa. Shati lilikuwa jipya, lina mikunjo ya dukani bado. Bisharo aliona vyote hivyo kwa mara moja na akaangalia chini.

"Kahawa imenunuliwa," Jattani akasema akiketi. "Mzee Aule ananiuliza tumbaku. Mama yako anapenda ile laini ama ile ya kutafuna? Anaogopa kuleta ile si yenyewe afukuzwe kama mbuzi wa meno mbovu."

"Yoyote."

"Yoyote? Ni mama Sabdio tunaongea juu yake, ama kuna mwingine?"

Bisharo akamwekea mfuko mapajani. Jattani akaugeuza, akapitisha kidole kwenye mshono, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Hii hata fundi wa Nairobi hawezi. Sasa hii ng'ombe zangu zimepata zizi." Akatazama uso wake. "Wewe ni mgonjwa? Ama ni kesho unaogopa? Usiogope. Mimi ndiyo nitakaa katikati ya wazee nikitoka jasho, wewe utakaa ndani ukisikiliza tu."

"Siogopi kesho."

"Basi unaogopa nini?"

Alikuwa amejipangia maneno tangu jana. Yalikuwa pale pale kwenye ulimi. Lakini Jattani alikuwa ameshaanza kuitoa ramani kwa viganja vyake viwili, na kama ilivyo desturi yake aliiinua mbele ya mwanga wa nje, kuona jua likiipenya, kama mama anavyomwinua mtoto. Mwanga ukapita kwenye karatasi. Na ukapita zaidi mahali kumi na tisa.

Jattani aliishusha, akaiinua tena. Bisharo alisikia lori la ng'ombe likipita barabara kubwa.

"Hapa kwenu kuna mende?" Jattani akauliza mwishowe. Sauti ilikuwa ya kawaida.

"Hapana."

"Mchwa?"

"Hapana."

"Kwa sababu ni mdudu gani huyu, Bisharo, anakula misalaba peke yake? Amepita mito, amepita vijiji, mtu wa upinde hajamgusa. Amechagua tu."

Alikuwa anajaribu kucheka. Hapo ndipo Bisharo alipotaka ardhi impokee. Jattani angempigia kelele, Bisharo angejua pa kuweka uso wake. Lakini mtu anakupa nafasi ya kuwa mdudu, anakutafutia njia, na wewe ndiye wembe.

"Ni thamani yake imepungua?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Thamani?" Jattani aliiweka ramani mezani. "Thamani wacha. Unajua mimi nilipenda nini kwa hii karatasi? Watu wananiuliza kila siku, najibu uzee wake, kwa sababu hiyo wanaelewa. Lakini nilipenda hiyo misalaba. Huyu nahodha alipanda mito yote hii na mashua. Kila mahali alifika mwisho, akashindwa kuendelea, akaweka msalaba mmoja. Maana yake, mpaka hapa nimeona na macho yangu. Kutoka hapa kuendelea nimeambiwa tu na wenyewe wa nchi, sijui. Watu wa ramani wa wakati huo walijaza tu. Wanaweka bahari mahali hakuna, wanaweka milima ya kubuni, hakuna mtu angeenda kuangalia. Huyu akasema, hapa najua, hapa sijui. Mimi nachora mipaka kazini, najua hiyo ni ngumu namna gani. Lakini kwa nini nakueleza. Wewe unajua. Iko kwa kisanduku, ulisoma."

Bisharo alikuwa anaangalia mkasi.

"Ulisoma Jumatatu. Ulicheka."

"Nilicheka."

"Ulicheka nini?"

Barazani kulikuwa na kuku mmoja wa jirani akidonoa vitambaa. Bisharo alimtazama kuku huyo kwa makini kama ataulizwa habari zake siku ya kiyama.

"Ulikuwa unangoja nicheke," akasema. "Sikusoma. Sijui kusoma hiyo. Mimi niliacha darasa la sita."

"Uliniambia kidato cha pili."

"Ndiyo."

"Miezi saba."

"Ndiyo."

"Nimekuletea vitabu," Jattani akasema. "Ulikuwa unarudisha, unasema ni vizuri." Hakuwa anamsuta. Alikuwa anarudi nyuma siku moja moja, na kila siku aliyoifikia ilikuwa inabadilika rangi mbele yake. "Kwa nini uliona sitakupenda na darasa la sita?"

Bisharo alifungua mdomo, na pazia la mlango likasogea.

Sabdio alitoka na chai. Alishika sinia kwa mikono miwili na kutembea polepole, akitazama kila mahali anapoweka mguu, kama mtu wa miaka themanini. Jumatatu hakuwa anatembea hivyo.

"Ilma kiya," alisema, mwanangu, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita Jattani hivyo. Akaweka sinia. "Usisimame. Mimi ndiyo nina neno. Nimekukosea."

"Hapana, aayo, wewe hujanikosea."

"Nyamaza nimalize. Niliona hii karatasi yako nikasema ina misalaba. Nikasema mbele ya watu. Bisharo akanionyesha tena, hakuna. Nilienda nikakusafisha kwa kila mlango nilipokuchafua. Lakini wewe mwenyewe nilikuwa sijakuambia. Sasa nakuambia. Ni macho ya mwanamke mzee. Fimbo yangu nimeshampa Nafiso, yeye ataenda sokoni Jumamosi."

Jattani aligeuza uso akamtazama Bisharo. Alielewa yote pale pale. Bisharo aliona jinsi ilivyoingia, kwanza kwenye macho, halafu kwenye mabega, yakashuka. Aliona pia kitu kingine. Aliona hasira ikiwekwa kando kwa muda, kama mtu anavyoweka mzigo chini ili amshike mtu anayeanguka.

"Hapa hakuna msalaba, aayo," Jattani akasema taratibu. "Angalia mwenyewe. Hakuna hata mmoja."

Na ilikuwa kweli. Hakudanganya. Alikuwa amemfungulia Bisharo mlango mzima: kesho wazee wangekuja, kahawa ingenyweka, ramani ingerudi chumbani na vidonda vyake na hakuna mtu Bulla Pesa nzima angejua. Alichotakiwa kufanya ni kumimina chai.

"Umesikia?" Sabdio alimwambia binti yake. Alijaribu kutabasamu. "Hata mwenyewe amesema. Ni macho." Akanyoosha mkono kuchukua kikombe, na mkono ukatangatanga hewani kidogo kabla ya kukifikia, kwa sababu ulikuwa umeacha kuamini mahali kikombe kilipo.

Bisharo aliona mkono huo.

"Aayo," akasema. "Uliona vizuri."

"Nini?"

"Ilikuwako. Mimi niliitoa na wembe, Jumanne, ukiwa umelala. Halafu nikakuambia ni kivuli."

Alitegemea kofi. Aliomba kofi. Sabdio alibaki na kikombe mkononi, akimtazama, na yale macho yaliyokuwa yamefifia tangu juzi yakaanza kumwangalia binti yake kama yanavyoangalia mdomo wa mbuzi, jino kwa jino.

"Ilikuwa ngapi?"

"Aayo..."

"Mimi nilihesabu. Nataka kusikia kwako. Ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Kumi na tisa," Sabdio akarudia. Akaweka kikombe chini, katikati kabisa ya kisahani. "Basi mimi si mgonjwa."

"Ni kwa sababu ya kesho, aayo. Ulisema hutakunywa kahawa yao. Niliona ukiona haina misalaba..."

"Ungeniambia, 'Aayo, ngoja tumuulize maana yake.' Huyu hapa ana mdomo. Angenieleza. Mimi nimekataa watu wengi na nimekubali wengi, lakini hakuna siku nimekataa mtu amenieleza." Hakupaza sauti hata kidogo, na ndiyo iliyokuwa mbaya. "Miaka kumi na tano watu wanajaribu kunidanganya pale sokoni. Wanaume wazima. Hawajaweza. Nimekuja kudanganywa kwangu, nikaomba na msamaha juu."

Jattani alikuwa ameshairudisha ramani kwenye mfuko wa marekani. Akasimama.

"Aayo, naomba niende."

"Enda, ilma kiya. Chai yako atainywa mwenye kosa."

Alipita karibu na cherehani. Bisharo alingoja neno, hata baya. "Kahawa haijafunguliwa," Jattani akasema akiwa amempa mgongo. "Mwenye duka anaweza kuirudisha. Sijui. Sijui sasa hivi." Akatoka.

Wakabaki wawili na chai inayopoa.

"Simama," mama yake akasema. "Juzi nilienda nyumba tatu nikasema uongo wako na mdomo wangu. Siwezi kwenda tena. Utaenda wewe. Kwa Nafiso, kwa Falis, kwa mama Lokol. Utawaambia Sabdio aliona sawa. Na fimbo yangu uje nayo."

Njia ya kwenda kwa Nafiso ni hatua thelathini, kuvuka vumbi tu. Bisharo aliivuka kama mtu aliyevuliwa nguo. Jattani alikuwa pale mbele ya kibanda, ameinamia pikipiki, anafunga mfuko mweupe na kamba, anafungua, anaufunga tena. Hakuinua kichwa. Hapakuwa na njia ya kumzunguka.

Nafiso alikuwa anapima sukari. "Bibi harusi," akasema. "Umekuja kuniomba nini?"

"Nimekuja kukuambia kitu. Mama aliona sawa. Misalaba ilikuwako kwa ile karatasi. Mimi niliitoa nikamfanya aonekane haoni. Macho yake ni mazima."

Nafiso akaacha kupima. Mteja mmoja akasogea karibu, na nyuma yake mwingine. "Kwa hivyo huyu," Nafiso akaonyesha kwa kidevu upande wa pikipiki bila kuona haya, "ni wa kanisa ama si wa kanisa?"

"Ni Muislamu. Ile misalaba ni alama ya mahali mtu amefika na mahali hajafika. Mimi sikujua kwa sababu sikuweza kusoma. Nilimwambia nimefika kidato cha pili, na nilifika darasa la sita." Uso wake ulikuwa unawaka mpaka kwenye masikio. "Naomba fimbo ya mama."

Nafiso alimtazama mara mbili, akainama chini ya meza, akatoa ile fimbo.

Alipogeuka, Jattani alikuwa amenyooka, ameshika usukani.

"Bado nina hasira," akasema.

"Najua."

"Si ndogo. Sijui itakaa siku ngapi."

"Najua."

"Kwa wazee, kesho ni kesho. Mzee Aule ameshapiga pasi kanzu, siwezi kumrudisha." Alitazama mfuko, halafu mikono ya Bisharo iliyoshika fimbo, halafu pembeni. "Nitakuja nao. Lakini nitakuja na hasira yangu."

"Njoo nayo," akasema Bisharo. "Na ukikuja, nieleze ile karatasi kutoka mwanzo. Polepole. Nikiwa sijaelewa nitakuambia sijaelewa."

Jattani alipiga teke kuwasha pikipiki, ikakataa, akapiga tena. Bisharo hakungoja kuona kama atatabasamu. Hakuona kama ana haki ya kungoja. Kulikuwa kumebaki nyumba mbili. Alijifunika shungi vizuri, akaiweka fimbo ya mama yake begani watu waione, akaenda kubisha kwa Falis.